Mama Mzaa Chema Avuka Mpaka

Kwa miaka tisa Anatolia hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Si kwamba alimchukia, la hasha. Alimheshimu, na heshima ya mkwe, kama alivyofundishwa na mama yake pale Kashozi, Bukoba, ilianza na macho. Projestus alipokuja kusalimia, Anatolia alikaa nyuma ya mlango wa jikoni na kuitikia kutokea huko. Wakikutana njiani, Projestus aliacha njia, akaingia migombani na kusimama huko akiwa ameipa njia mgongo mpaka mama apite. Siku moja aliingia kwenye siafu. Alisimama humo humo bila kupiga kelele wakati Anatolia, mwenye goti bovu, akipita polepole kwa mkongojo. Habari za siafu Anatolia alikuja kuzisikia baadaye kwa majirani, na siku hiyo alijisemea kwamba kweli binti yake ameolewa.

Na jina? Usiulize. Mkwe hakulitaja jina la mama mkwe wake, wala mama mkwe hakulitaja la mkwe. Anatolia alipotaka kumzungumzia alisema “mwenye Celina”, kwa jina la binti yake. Naye Projestus, kwa kuwa alikuwa mwalimu na mwalimu hakosi neno, alimwita “mama mzaa chema”, Kiswahili safi cha vitabuni, na watu wa Kashozi walikipenda sana.

Shida ya mila hii nzuri ilikuwa moja tu. Mama mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake. Kwa hiyo Anatolia, mjane mwenye binti mmoja tu duniani, aliwaona wajukuu wake Krismasi na Pasaka, walipoletwa kutoka Muleba, wakala, wakamchafulia nyumba, wakaondoka. Apolinary alikuwa na miaka minane, Kokugonza mitano, Philbert miwili. Kila walipoondoka alikaa siku nzima bila kufagia, kwa sababu hakutaka kuzifuta nyayo zao.

Mwaka 1970, mwezi wa tano, zilikuja habari mbaya zaidi. Projestus alipewa uhamisho. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kinaanzishwa huko Ngenge, na kijiji kilihitaji shule, na shule ilihitaji mwalimu mkuu. Barua ilisema aripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, bila kukosa. Ngenge ilikuwa mbali, barabara ya kubahatisha, zahanati hakuna. Na Celina alikuwa mjamzito.

“Maawe, njoo ukae nasi,” Celina alimwambia mama yake. “Nitajifungua mwezi wa kumi na moja. Nitajifungulia kwa nani huko?”

“Nani aliwahi kuona jambo hilo?” Anatolia alijibu. “Mama mkwe ahamie kwa mkwe wake? Watu watasema Kashozi kumeisha ndizi.”

Alijibu kwa mzaha, lakini moyo ulimuuma. Alijua kwamba wakishafika Ngenge, hata hiyo Krismasi na Pasaka itakuwa ndoto.

Hapo ndipo Projestus alipofanya jambo ambalo watu walilizungumzia mpaka kwenye foleni ya kupima kahawa. Alikuwa na likizo yake ya mwezi wa sita. Alikwenda Rwamishenye kwa kaka yake Mutalemwa, mwenye duka, akaazima gari lake la Peugeot lililochoka kidogo, kisha akatuma neno Kashozi: wanakwenda Entebbe kutembea siku saba, watafikia kwa Datius, mtoto wa dada yake Anatolia, anayefanya kazi kwenye bustani kule. Na mama mzaa chema anaombwa sana afuatane nao, akae na wajukuu wake kabla hawajahama.

Watu wa Kashozi walijua kwenda Uganda kutafuta kazi. Walijua kwenda kuhiji, na kwenda kuzika. Kwenda kutembea tu hawakujua.

“Unakwenda kufanya nini?” jirani yake Alistidia alimuuliza.

“Kutembea.”

“Halafu?”

“Halafu narudi.”

Alistidia alitikisa kichwa kwa huruma. Lakini Anatolia alikuwa amekata shauri. Siku saba na wajukuu! Kwa siku saba angekwenda hata mwezini, ambako alisikia Wamarekani wameshafika.

*

Walitoka alfajiri. Kati ya viti vya mbele na vya nyuma Celina alikuwa ametundika kanga, kwa vibanio vya nguo, ili dereva na mama mkwe wasionane. Mbele alikaa Projestus na Apolinary. Nyuma walikaa wanawake na Philbert, aliyetapika kabla hata hawajafika darajani Kyaka. Ujumbe wote ulipitia kwa Kokugonza, aliyesimama katikati, kichwa upande huu wa kanga na miguu upande ule.

“Kokugonza, mwambie baba yako apunguze mwendo, mtoto anatapika.”

“Baba, Bibi anasema upunguze mwendo, Philbert ametapika kwenye viatu vyangu.”

“Mwambie Bibi nimepunguza.”

“Bibi, amepunguza.”

“Mwambie asante.”

Baada ya saa mbili za kazi hiyo Kokugonza aliuliza kama hawa watu wawili wana ugonjwa wa masikio. Celina alimfinya. Anatolia alitazama nje dirishani na kujizuia kucheka, akashindwa, na kutoka upande wa pili wa kanga alisikia mtu mwingine naye akikohoa kwa namna ya mtu anayeficha kicheko.

Mpakani walikabidhi barua ya ruhusa. Zamani, wakati wa Mwingereza, babu zetu walivuka na mikungu yao ya ndizi bila kuulizwa. Uhuru ulikuja na karatasi zake, na si vibaya, kila mwenye nyumba huweka mlango. Barua hiyo aliiandika Projestus mwenyewe kwa mwandiko wake wa kupendeza, akaipeleka kugongwa muhuri. Ilikuwa na majina ya watu watano, na mstari wa sita ulisema: “pamoja na mama mzaa chema.” Ofisa wa siku hiyo alikuwa mzee Mhaya. Aliusoma mstari huo, akacheka mpaka akavua kofia.

“Sasa angemwandikaje?” aliwauliza wenzake, akawafungulia.

Anatolia, ndani ya gari, hakujua walichochekea.

Mimi siwezi kueleza yote waliyoyaona huko, kwa sababu Anatolia mwenyewe alipokuja kuyasimulia yalibadilika kila mara na simba waliongezeka. Lakini haya ni ya hakika. Njiani, kupita Masaka, walifika mahali ambapo Projestus alisimamisha gari akatangaza, kupitia kwa Kokugonza, kwamba hapa ndipo dunia inapogawanyika nusu mbili. Palikuwa na alama kando ya barabara. Watoto waliruka upande huu na upande ule mpaka wakachoka. Anatolia naye alishuka, akaweka mguu mmoja huku na mmoja kule, akasimama wima na mkongojo wake, na Celina akapiga picha. Kamera ilikuwa ya Projestus naye ndiye aliyejua kuitumia, lakini kupiga picha ni kutazama, kwa hiyo alisimama mbali na kumwelekeza mkewe kwa sauti huku akiwa amewageuzia mgongo. Katika picha hiyo Anatolia hana kichwa.

Entebbe waliona ndege. Kubwa, nyeupe, ilishuka juu ya ziwa, na Philbert aliyekuwa analia aliacha kulia. “Watu wamo humo ndani?” Anatolia aliuliza. “Wamo, Maawe.” “Wanakaa tu?” “Wanakaa tu, wanaletewa chai.” Anatolia aliitazama mpaka ikasimama, akapiga ishara ya msalaba, si kwa hofu bali kwa kusifu, maana kitu kilichofanywa vizuri husifiwa hata kama hukijui. Waliona bustani za Datius, miti iliyotoka nchi zenye majina magumu, kila mmoja na kibao chake. Datius, ambaye kwao aliaga akiwa hajui kupanda hata maharage, sasa aliitaja miti hiyo moja moja, na mama yake mdogo Anatolia alimsikiliza kwa fahari mpaka wa mwisho.

Na jioni walikaa ufukweni. Ziwa lilikuwa lile lile lao la Bukoba, ila sasa walikuwa wamezunguka wakaja kulitazama kwa nyuma.

Lakini kilichomshangaza zaidi si ndege wala miti. Ni wajukuu. Hakuwahi kujua kwamba Apolinary hujisomea kwa sauti akiwa peke yake, akijiuliza maswali na kujijibu, na akikosea hujikaripia. Hakujua kwamba Kokugonza hulala amemkumbatia mtu na kumpiga mateke usiku kucha. Mbavu zilimuuma siku zote saba, na alizipenda mbavu hizo zinavyouma. Alimfundisha Philbert kusema “waitu” akiitwa na wakubwa. Siku ya nne Philbert alianza kumfuata kila aendako akishika ncha ya kanga yake, na Anatolia alijifanya anachukia.

Siku ya tano asubuhi alimuuliza Apolinary, “Hivi baba yako analala kwa jirani gani?” Maana nyumba ya Datius ilikuwa na paa moja, na walimwambia kwamba mwenye Celina amepata chumba kwa jirani.

“Jirani yupi?” alisema Apolinary. “Baba analala kwenye gari.”

Anatolia alitoka nje kimya kimya. Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba. Vioo vilikuwa na ukungu. Dirisha moja lilikuwa wazi, na miguu miwili mirefu, yenye soksi, ilitokeza nje. Projestus alikuwa mrefu na Peugeot haikutengenezwa kwa watu wa kulala. Alikuwa amelala hivyo usiku wa nne sasa, akiamka na kwenda kuwabeba watoto mabegani mchana kutwa, na hakuna siku aliyosikika akilalamika kiuno.

Anatolia alisimama pale na machozi yakamtoka. Alimpenda mtu huyo. Ndiyo, aseme tu ukweli, alimpenda kama angemzaa, na hakuwa na mlango wa kumwambia. Kisha akawaza Ngenge. Kama usiku saba ulihitaji gari, je, miaka? Celina alipomwomba tena jioni hiyo, alikuwa na jibu.

“Mumeo atalala nje miaka mingapi, mwanangu? Nikija, nitakuwa nimemfukuza mwenye nyumba nyumbani kwake. Hapana. Heshima aliyonipa siwezi kuigeuza kuwa adhabu.”

Celina alilia kidogo, akaenda kuchemsha ndizi.

*

Walirudi Jumamosi, na Jumatatu yake ndiyo siku ya kuripoti Ngenge. Majirani wa Datius, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, walimpa Anatolia kahawa ya kutafuna iliyofungwa vizuri katika majani ya mgomba. Aliiweka chini ya kiti.

Mpakani hapakuwa tena na yule mzee wa kucheka. Palikuwa na kijana mwenye shati lililopigwa pasi, na Kiswahili kilichonyooka cha mtu wa pwani. Alikuwa na adabu. Alisoma barua mara mbili.

“Ndugu mwalimu, hapa kuna majina matano. Watu wazima na watoto mko sita. Wa sita ni nani?”

“Mama mkwe wangu. Imeandikwa.”

“Imeandikwa mama mzaa chema. Hilo si jina. Anaitwa nani?”

Projestus alimpa barua yake ya uhamisho badala ya jina. Celina alifungua mlango wa gari.

“Anaitwa Anatolia, ni mama yangu mzazi.”

“Asante, dada, lakini nimemuuliza mwenye barua. Juma lililopita lilipita gari hapa na ajuza amekalia kahawa ya magendo. Dereva alimwita shangazi. Shangazi mwenyewe hakujua hata dereva katoka wapi.” Aliinama akachungulia chini ya viti, akaibuka na kifurushi cha majani ya mgomba. Alikifungua. “Na hii?”

“Ya kutafuna,” alisema Celina. “Zawadi. Konzi moja tu!”

“Leo konzi, kesho gunia.” Alikiweka juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumwa kulinda mali ya taifa na aliilinda. “Tufanye rahisi. Ndugu mwalimu, nitajie jina la huyu mama. Naye anitajie lako. Mkishindwa, nyinyi mtapita na yeye atabaki hapa hadi kijijini kwao watume mtu wa kumtambua.”

Kutoka nyuma ya kanga Anatolia alisikia kila neno. Kubaki peke yake mpakani, na goti hili, huku wajukuu wakiondoka mbele ya macho yake! Halafu akasikia sauti ya Projestus.

“Basi tutabaki wote.”

“Ndugu, barua yako ya kazi umenionyesha. Jumatatu unatakiwa Ngenge.”

“Najua.”

“Mwalimu mkuu asiyeripoti siku ya kwanza atajieleza kwa nani?”

“Najua, ndugu ofisa.”

“Jina tu! Neno moja! Unalijua au hulijui?”

“Nalijua miaka tisa,” alisema Projestus. “Niandikie kosa lolote unalotaka. Lakini jina la mama huyu halitatoka mdomoni mwangu, hapa wala mahali pengine. Tutalala hapa.”

Anatolia alimwona, kupitia upenyo wa kanga, akijifuta jasho shingoni. Alimwona mtu aliyesoma, mwenye likizo, mwenye kamera, anayejua dunia inapogawanyika nusu mbili, akiwa tayari kupoteza kazi yake kwa ajili ya neno ambalo hakuna mtu wa Kashozi angemsikia akilisema. Wangapi wangelitamka, wakacheka, wakaondoka? Mila ni rahisi mbele ya majirani. Huyu aliishika mahali ambapo hapakuwa na jirani hata mmoja.

Akashuka. Alizunguka gari kwa mkongojo wake, polepole, na Projestus alipoona anakuja aliinamisha kichwa haraka na kutaka kugeuka.

“Simama,” alisema Anatolia.

Alisimama. Anatolia akainua macho na kumtazama usoni. Mkwewe alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Mvi zilikuwa zimeanza kandoni. Na ule mdomo ulikuwa wa Apolinary, kabisa, hata namna ya kuuma ule wa chini. Miaka tisa, na hakujua kwamba mjukuu wake alichukua mdomo wa baba.

“Projestus,” alisema.

Celina alishika kinywa. Projestus alifumba macho.

“Huyu ni Projestus,” Anatolia alimwambia ofisa, kwa sauti ambayo hata waliokuwa wakipakia lori upande wa pili waliisikia. “Kwao ni Muleba. Ni mwalimu, amemwoa mwanangu kanisani, hajampiga hata kofi moja. Amelala ndani ya gari hili usiku saba, miguu nje, ili mimi nilale ndani na wajukuu wangu. Alisimama kwenye siafu kwa ajili yangu. Andika yote hayo. Kama kalamu itaisha wino nitakungoja.”

Ofisa hakuandika. Alimtazama bibi huyu mfupi, akatazama mkwe aliyefumba macho, na polepole alianza kuelewa kwamba amekanyaga kitu asichokijua.

“Mama, samahani,” alisema. “Basi, naye akitaja lako tu, tumemaliza.”

“Yeye usimwulize. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye nimevunja, na aliyevunja ndiye anayejua alichokusudia. Kwetu mkwe haitwi jina. Anayeitwa jina na mama ni mtoto. Sasa nimemwita, kwa hiyo huyu ni mwanangu, na mtoto hatamki jina la mama yake kama anaita rafiki.” Akamsogelea ofisa. “Wewe, mwanangu, mama yako ulimwacha wapi?”

“Tanga,” alisema kijana.

“Ukifika nyumbani, unamwitaje?”

Kijana alitazama kifurushi cha kahawa, akakifunga upya kwa uangalifu, jani juu ya jani.

“Namwita Mama.”

“Haya.”

Ofisa alimgeukia Projestus. Sasa aliuliza kwa upole, kana kwamba naye alitaka kusikia.

“Ndugu mwalimu. Huyu ni nani wako?”

Projestus alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu apeleke posa Kashozi, alimtazama Anatolia usoni. Neno lilipotoka lilitoka kwa Kihaya, si kwa Kiswahili cha vitabuni.

“Maawe,” alisema.

Ofisa aligonga muhuri.

Walipita kizuizi. Walipokwenda mbali kidogo Anatolia aliisogeza kanga, akainama mbele, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti cha dereva.

“Projestus, mwanangu. Hiyo nyumba ya Ngenge ina vyumba vingapi?”

Projestus alilazimika kusimamisha gari kando ya barabara, kwa sababu hakuona tena mbele. Alilalia usukani, mabega yakitikisika, na watoto wakatazamana.

“Viwili, Maawe,” alisema alipoweza.

“Vitatutosha.”